Debe la Udongo Mweusi

Mwaka 1986 mama alijitwisha debe la udongo akateremka nalo kutoka kwa Bibi, juu ya Marangu, hadi nyumba yetu mpya upande wa Himo. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi nilibeba chipukizi la mgomba begani, limefungwa kwa kamba za mgomba wenyewe, na kila nilipokanyaga jiwe ncha yake ilinichoma shingoni. Tulitoka alfajiri. Huko juu kulikuwa na ukungu na mama alikuwa amejifunga kanga mbili. Tulipokaribia barabara kuu alibaki na moja, nyingine ameiviringa kuwa ngata.

Wanawake tuliopishana nao njiani walimshangaa. Mmoja alisimama kabisa, akauliza, “Kwani huko mnakohamia hakuna udongo?”

“Upo,” mama alijibu bila kugeuza shingo, “lakini si huu.”

Walikuwa na haki ya kushangaa. Kwenye njia zile mzigo ulikuwa ukipanda. Ng'ombe wa mlimani hawachungwi, hufungwa bandani na kuletewa malisho, na majani ya kutosha hayapatikani juu kwa sababu kila kipande cha ardhi ni kihamba cha mtu, shamba lake la migomba. Kwa hiyo wanawake walishuka tambarare asubuhi, wakakata nyasi, au baada ya mavuno wakachukua mabua ya mahindi kwenye mashamba yao ya chini, wakapanda nayo. Niliwahi kupanda nyuma ya Bibi nikiwa na mzigo wangu mdogo wa kitoto. Yeye simwoni, naona tita la nyasi linalotembea, na chini yake visigino viwili vyenye vumbi. Nyasi zile zililiwa na ng'ombe, samadi ikatupwa kwenye migomba, migomba ikazaa, majani yake makavu yakaanguka pale pale na kuachwa pale pale. Ukilifikiria vizuri jambo hilo, lina uzito wake: miaka nenda miaka rudi, wanawake wa Kichaga wamekuwa wakikihamisha kilichoota kwenye joto wakakilaza kwenye ubaridi.

Udongo wa kihamba cha Bibi ulikuwa mweusi, na laini kiasi kwamba viazi vikuu vilichimbwa kwa mkono mtupu. Ulikuwa na harufu, kama ya uyoga na ya mvua iliyonyesha jana. Mama alikuwa ameolewa pale akiwa binti mdogo na mikono yake ilikuwa imeuzoea. Lakini baba alikuwa mtoto wa kati, na kwa desturi yetu mkubwa hupewa kihamba, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, wa kati hujitafutia. Baba akajitafutia kiwanja huko chini, kwenye jua.

Siku tuliyochota udongo ule Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Mama alimwomba ruhusa, maana hata udongo wa mkweo huuchukui hivi hivi. Bibi akasema chota, ujaze, upige piga debe ili ujishindilie. Kisha akaongeza neno ambalo sikulielewa kwa miaka kumi na miwili:

“Ila ujue, mwanangu, ardhi ya huko chini inakula.”

Nikauliza inakula nini. Bibi akanitazama kama mtu anayeulizwa kama maji yana unyevu. “Kila unachoipa, mjukuu wangu.”

*

Nyumbani kwetu udongo ulikuwa wa kichanga, wenye wekundu uliofifia. Ulipoupiga jembe wakati wa kiangazi ulitoa vumbi, jembe likaruka. Mama alichimba shimo la kina cha magoti, upana wa karai kubwa, nyuma ya jiko ambako maji ya kuoshea vyombo yangefika bila kubebwa. Akamwaga debe lote. Nakumbuka lile duara jeusi katikati ya ua mwekundu, limekaa kama mboni ya jicho. Tukasimika chipukizi, tukakanyagia pembeni, mama akalifunika shina kwa majani makavu tuliyokuja nayo.

Mgomba uliota. Ulizaa mkungu wa kwanza mwaka wa pili, mdogo lakini wa kweli, na mama aliukata mwenyewe, akatupikia ndizi na nyama siku ya Jumapili akijua vyema kwamba sokoni Himo ndizi kama zile zilijaa tele na kwa bei rahisi. Mwaka wa tatu mkungu ulipungua. Mwaka wa nne mama alianza kutuma watoto wakaokote mavi ya ng'ombe wa wafugaji barabarani. Alitia debe baada ya debe pale shinani, na kila masika yalipokwisha ilikuwa kama hakutia kitu. Mwaka 1991 mgomba ulianguka wenyewe, kisiki kimeoza, na mama akasema basi, hapa tutapanda mpapai.

Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa na swali. Kabla hajapanda mpapai nilichukua jembe nikachimba nikiutafuta udongo wa Bibi. Nilipajua mahali ulipoishia na mahali wetu ulipoanzia, maana mpaka ule niliuona kwa macho yangu. Sikuukuta mpaka. Nilikuta udongo uliokoza rangi kidogo tu kuliko wa jirani, kama mahali palipomwagwa chai siku mbili zilizopita. Ndani yake kulikuwa na vipande vitano sita vya mkaa, vidogo kama mbegu za mpapai wenyewe, vigumu, vyeusi ti. Vilikuwa vya jiko la Bibi, maana majivu yake aliyamwaga migombani. Mkaa peke yake ndio ulikuwa umeikatalia ardhi.

Sehemu ya udongo ule ilikuwa imechanganyika na wa kwetu. Majembe yetu yalipita pale, mchwa walipita pale. Lakini mchanganyiko hauwezi kumaliza debe zima la weusi pamoja na samadi yote iliyotiwa juu yake. Kitu kilikuwa kimeondoka, na hakikuacha njia ya miguu.

*

Nilipata jibu Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, mwaka 1998, katika somo la udongo. Mhadhiri alisema sentensi moja ambayo niliandika daftarini na kuipigia mstari mara mbili: mboji haipotei, inapumuliwa. Ndani ya kiganja cha udongo mna bakteria na kuvu kwa mamilioni ya mamilioni, nao wanakula majani, mizizi iliyokufa, samadi, na miili ya wenzao. Wanapokula wanapumua kama sisi. Kaboni iliyokuwa jani inatoka kwenye udongo ikiwa hewa ukaa, haina rangi wala harufu, inapanda zake angani. Na kasi ya mlo huo inategemea joto. Kwa makadirio ya jumla, udongo ukiwa na maji na hewa ya kutosha, joto likipanda nyuzi 10 upumuaji huo huongezeka karibu mara mbili.

Nilimwona Bibi amekaa kwenye kigoda chake. Inakula. Hakuwa akitumia lugha ya picha. Alikuwa akieleza alichokiona kwa miaka hamsini ya kulima juu na chini.

Kutoka Himo hadi kihamba chetu ni kama mita 600 za kupanda, na kwenye Kilimanjaro joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo kati ya mama na mama mkwe wake kulikuwa na tofauti ya nyuzi 3 hadi 4 hivi. Si nyingi ukizisikia redioni. Lakini vijidudu hawalali. Mkulima hula mara mbili tatu kwa siku, wao wanakula usiku na mchana, mwaka mzima, na tofauti ndogo ya kasi ikizidishwa kwa siku zote hizo inamaliza debe.

Kuna mtu aliyekuwa ameshayapima haya kabla baba yangu hajazaliwa. Hans Jenny, mzaliwa wa Uswisi aliyekwenda kufanya kazi Marekani, alichukua udongo wa nyanda za kati za nchi ile kutoka kaskazini kwenye baridi hadi kusini kwenye joto, akiuchagua mahali mvua zinapofanana. Mwaka 1930 alitoa matokeo: kwa kila nyuzi 10 joto la wastani linaposhuka, nitrojeni na mboji ya udongo huongezeka mara 2 hadi 3. Baadaye alikwenda Kolombia, akakuta udongo wa milima ya tropiki una mboji nyingi kuliko mahesabu yake yalivyomwambia. Napenda kwamba alikwenda. Wengi wangebaki na kanuni yao nzuri.

Mikono yangu mwenyewe iliamini katika maabara. Kuna njia ya kale ya kupima kaboni ya udongo, ya Walkley na Black, ya mwaka 1934, na maabara zetu nyingi bado zinaitumia. Unapima udongo mkavu uliochekechwa, unautia kwenye chupa ya maabara, unaongeza dikromati ya potasiamu yenye rangi ya chungwa, kisha asidi ya salfuriki. Chupa inapata moto mkononi papo hapo. Dikromati inaichoma kaboni, na kadiri inavyotumika rangi ya chungwa inageuka kijani. Nilikuwa nimekuja na mifuko miwili kutoka likizo, mmoja wa nyumbani Himo, mmoja wa kihamba. Chupa ya Himo ilibaki na rangi yake ya chungwa, imetiwa uchafu kidogo. Chupa ya Bibi ikawa kijani kibichi yote kabla sijaiweka mezani. Fundi wa maabara akaja, akatazama, akasema rudia kwa udongo nusu ya huo, kaboni imezidi dawa. Nilirudia. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote katika chumba kile.

*

Bibi alifariki mwaka 2003. Mwaka 2014, nikiwa fundi wa maabara mwenye uzoefu, niliajiriwa kwa msimu mmoja kuwasaidia watafiti waliokuja kupima mambo haya haya mlimani, kuanzia tambarare hadi juu ya msitu. Nilizaliwa chini ya mlima ule na sikuwa nimewahi kuupanda kupita geti la Marangu.

Kifaa chetu kikuu kilikuwa chai. Ni njia iliyokuwa imechapishwa mwaka uliotangulia na ilikuwa ikienea dunia nzima kwa sababu ni rahisi: unanunua vifuko vya chai ya kijani na vya rooibos, kile kichaka cha Afrika Kusini, unavipima kwenye mizani ndogo, unavizika sentimeta 8 chini, unarudi baada ya miezi mitatu, unavikausha na kuvipima tena. Chai ya kijani huoza upesi, rooibos hujivuta. Kilichopungua kinakuambia udongo wa mahali pale unakula kwa kasi gani. Mpagazi mmoja mzee, mtu wa Kilema, aliniona napiga magoti nikizika vifuko huku nafunga uzi kwenye kijiti, akauliza kwa upole kama mlima ulikuwa umeomba chai. Nilipomweleza, alinyamaza mwendo wa nusu saa, kisha akasema, “Basi huko juu mtavikuta vizima. Mimi nimewahi kuangusha ganda la chungwa Horombo, mwaka uliofuata likawa lipo.”

Tulipovifukua, tambarare ilinishangaza. Nilitegemea kukuta nyuzi na vijiti tu, kwa jinsi nilivyoujua udongo ule. Lakini kilikuwa kiangazi, na vifuko vingi vilitoka karibu kama vilivyoingia, vikavu, isipokuwa vile ambavyo mchwa walikuwa wamevitoboa na kuvikomba. Joto lilikuwepo, maji hayakuwepo. Ardhi ya chini inakula, ila nayo ina mwezi wake wa kufunga, na mvua ikinyesha inafuturu kwa pupa. Hilo Bibi hakuniambia, au aliniambia nikawa sijasikia. Kwenye ukingo wa msitu, karibu mita 2,000, ambako kuna maji mwaka mzima na joto bado linaridhisha, chai ya kijani ilikuwa imekwisha sana kuliko kote. Kifuko kinakuja mkononi kimelegea kama soksi.

Kambini Horombo, mita 3,720, nilifukua kifuko asubuhi na mapema. Juu ya udongo ulio wazi baridi ya usiku ilikuwa imeotesha sindano za barafu, zinavunjika chini ya buti kama glasi. Nikakipangusa kifuko, nikakileta puani. Kilikuwa bado kinanuka chai.

Siku hiyo hiyo tulichimba shimo. Pembeni yetu zilisimama zile dendrosenekio za mlima huu, ndefu kumpita mtu, zimevaa majani yao makavu shinani kama koti zito. Hazidondoshi majani yale, zinajikinga nayo na baridi. Nikatia kipimajoto ukutani mwa shimo: nyuzi 7. Ukuta wenyewe ulikuwa mweusi kuanzia nyasi hadi magotini mwangu, weusi ulioiva, bila mpaka. Nikachukua donge nikalikamua. Udongo ule wa majivu ya volkano unadanganya mkono: unaonekana mzito, ukiubeba ni mwepesi, ukiubana kati ya vidole unateleza kama siagi na kutoa maji ambayo hukuyaona. Ndani ya donge, kina cha mkono mzima, kulikuwa na kijiti cha mrika, kichaka cha mlimani, kikiwa na gome lake. Sijui kilianguka lini. Kilikuwa kimelala pale kinasubiri kuliwa, na walaji walikuwa na baridi.

Nilikaa na kile kijiti muda mrefu kuliko kazi ilivyoruhusu. Nilikuwa nimeelewa kitu ambacho daftari la Morogoro halikunipa. Huko juu mimea inakua pole pole, mavuno yake ni machache kuliko ya kihamba, machache mno kuliko ya msitu. Weusi ule wote haukutokana na wingi wa kilichoingia. Ulitokana na uzembe wa kilichotoka. Ni ghala la mtu maskini ambaye hatoi.

Na nililiona jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi. Ghala lile halina mlango wala kufuli. Linalindwa na nyuzi 7 tu.

*

Watu hufikiri kaboni ya dunia iko mitini. Mita moja ya juu ya udongo wa dunia ina kaboni karibu tani bilioni 1,500, kuliko iliyoko angani na katika mimea yote kwa pamoja. Sehemu kubwa ya hiyo iko kwenye baridi: Siberia, Alaska, kaskazini mwa Kanada, udongo ulioganda miaka maelfu. Horombo ni kipande kidogo cha habari hiyo hiyo, nilichoweza kukifikia kwa miguu kutoka kwa mama.

Mwaka 2021 Iain Hartley wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake walichapisha hesabu iliyokusanya vipimo vya mashimo ya udongo zaidi ya 9,000 duniani. Nilisoma usiku, mama amelala chumba cha pili. Kwa kila nyuzi 10 za joto kuongezeka, walisema, kaboni iliyohifadhiwa hupungua kwa zaidi ya asilimia 25. Lakini haipungui sawasawa. Udongo wa kichanga hupoteza mara tatu zaidi ya udongo wa mfinyanzi, kwa sababu chembe za mfinyanzi zina uso mkubwa wa kuishikilia mboji na kuificha walaji wasiifikie. Mchanga hauna pa kuificha kitu. Nilifikiria ua wetu wa kichanga, na lile shimo la upana wa karai, nikaona mama hakuwa na nafasi. Alikuwa amechagua bila kujua mahali pagumu mara mbili: pa joto na pa mchanga.

Udongo wa kihamba una bahati yake. Majivu ya volkano yakioza huacha madini ya alumini na chuma yanayoikamata mboji kwa nguvu, ndiyo maana chini ya migomba, kwenye joto ambalo si dogo, weusi unadumu. Basi siyo ubaridi peke yake, na siyo samadi peke yake. Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia watu wakilieleza jambo hili kama hesabu ya darasa la tatu, joto juu kaboni chini, halafu basi. Katikati ya bonde la Kongo, mahali pa joto na jasho, mwaka 2017 Greta Dargie, Simon Lewis, Suspense Ifo na wenzao walionyesha kuwa mboji-maji ya vinamasi imelaza kaboni karibu tani bilioni 30. Pale anayelinda ni maji: yamewanyima walaji hewa. Ukiyakausha, au ukiyapasha joto hadi yajikaushe, mlinzi ameondoka.

Ila kwa udongo wa kawaida wa nchi kavu, wenye hewa na mvua, joto ndilo linaloshika mlango. Msituni Harvard huko Massachusetts, Jerry Melillo na wenzake walitandika nyaya za umeme chini ya udongo tangu mwaka 1991 wakaupasha nyuzi 5. Baada ya miaka 26 sentimeta 60 za juu zilikuwa zimepoteza asilimia 17 ya kaboni yake. Na kwa muda mrefu sisi wa tropiki tulifarijiwa kwamba udongo wetu umezoea joto, hautajali nyuzi chache. Mwaka 2020 Andrew Nottingham na wenzake walitoa matokeo ya kisiwa cha Barro Colorado, Panama. Walikuwa wameupasha udongo wa msitu wa tropiki nyuzi 4 kwa miaka miwili, na hewa ukaa iliyotoka iliongezeka kwa asilimia 55. Faraja ile niliiweka chini.

Mtafiti huyo huyo aliwahi, na wenzake, kwenye milima ya Peru, kubeba udongo wa msitu kutoka mwinuko mmoja hadi mwingine, mwingine juu, mwingine chini, na kuuacha miaka kadhaa ili waone joto linaufanya nini. Niliposoma habari hiyo niliamka nikaenda kusimama mlangoni kwa mama. Alikuwa amelala upande, mkono chini ya shavu, shingo ile ile iliyobeba debe.

*

Oktoba 2020 mlima uliwaka. Moto ulianza tarehe 11, kati ya kambi za Mandara na Horombo, kwenye njia ile ile niliyoipanda, na ulipozimwa ulikuwa umekula zaidi ya kilometa za mraba 90. Usiku tulitoka nje kuutazama mstari mwekundu uliokatiza giza, na majirani waliomba kwa sauti. Watu walilia miti na wanyama. Mimi nilikuwa nikifikiria udongo chini ya mirika. Baada ya moto kivuli kinaondoka, jua linafika mahali ambapo lilikuwa halifiki, weusi unalinywa jua lote, na vijidudu vilivyokuwa vikila kwa kusinzia vinaamka. Moshi wa siku zile kila mtu aliuona. Unaofuata hauonekani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, jua kali, nilimpeleka mama kihambani kwa Bibi. Baba mdogo ndiye aliyebaki pale. Kahawa imeng'olewa nusu. Upande wa chini mringaringa mkubwa ulikatwa kwa ajili ya mbao na migomba yake ikaondolewa, pakalimwa mahindi, kwa kuwa mahindi yanauzika na watoto wanasoma. Sikumlaumu na simlaumu.

Nilikuwa na kipimajoto changu cha kazi mkobani. Saa saba mchana nilikisukuma sentimeta 10 chini ya migomba, mahali Bibi alipokuwa akimwaga samadi, nikasubiri. Nyuzi 18. Nikatembea hatua thelathini hadi kwenye mahindi, ambako udongo ulikuwa wazi katikati ya mistari, nikakisukuma tena. Mama akanifuata akaegemea fimbo yake.

“Kinasemaje?”

“Kule kumi na nane, mama. Hapa ishirini na tano.”

Akatazama udongo, akatazama migomba. Nilimwambia kwamba hizi hatua thelathini ni zaidi ya kutoka hapa kwa Bibi hadi nyumbani Himo. Kwamba Himo imepanda imefika hapa.

Hakujibu. Aliinama pole pole, kwa jinsi magoti yake yanavyomruhusu sasa, akausukuma mkono udongoni hadi kifundoni, akautoa, akautazama. Bado ulikuwa mweusi. Kisha akaniambia niende kwenye migomba nikate majani makavu, yale yanayoning'inia, nisiguse mabichi. Nikakata. Nikaleta mzigo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yeye alikuwa akiyapokea na kuyalaza katikati ya mistari ya mahindi, moja juu ya jingine, akianzia pale kipimajoto kilipokuwa kimesimama. Baba mdogo alitoka nyumbani akasimama kidogo akitutazama. Akavua koti, akachukua panga.